Kalibu Mpya, Kipimo Kipya: Usubuji wa Sufuria Busia na Tororo



Kiswahili huita risasi vitu viwili: madini laini na mazito, na kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki. Ulaya na Marekani wapo wapiga shabaha ambao mpaka leo husubu risasi zao nyumbani, na wana desturi moja ambayo mada hii inaiazima. Anayebadilisha kalibu hupima upya kila kitu, hata kama kalibu zote mbili zimechorwa namba ileile. Anajua kwamba risasi za kalibu mbili hupishana unene kwa chini ya unywele, na kwamba unywele huo unatosha kuihamisha shabaha. Anajua pia kwamba madini yakichanganywa na bati na antimoni, kalibu ileile itatoa risasi nene kidogo na nyepesi kidogo kuliko ya madini matupu. Bunduki hazituhusu hapa. Kinachotuhusu ni tabia ya kutoamini namba iliyorithiwa, na mahali inapohitajika zaidi ni kwenye mabanda yetu ya jua kali, pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Uganda, katika sufuria za alumini zinazosubiwa kwa mchanga.

Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi. Inapoganda na kupoa hunywea, na kwa kawaida wasubuji huhesabu kwamba urefu wake utapungua kwa takriban asilimia 1.3. Ndiyo maana kiolezo cha kiwandani huchongwa kikubwa kuliko kitu kinachotakiwa. Fundi asiye na kiolezo cha namna hiyo hununua sufuria nzuri sokoni, huizika kwenye mchanga mbichi ulioshindiliwa ndani ya fremu, huitoa, kisha humwaga. Sufuria yenye kipenyo cha sentimita 30 itazaa yenye 29.6. Milimita nne zinaonekana si kitu, mpaka ulete kifuniko kilichotoka kwenye kalibu nyingine: kinatumbukia, au kinakaa juu kikicheza na kupiga kelele maji yanapochemka. Ujazo ndio huumia zaidi, kwa sababu upungufu huingia kwenye urefu, upana na kina kwa pamoja. Sufuria ya lita 10 huzaa ya lita 9.6. Mtoto huyo akifanywa kiolezo, na mjukuu naye, kizazi cha tatu kitabeba lita 8.9 na cha tano lita 8.2. Jina lake sokoni bado ni sufuria ya lita 10.

Kuna hoja kwamba hesabu hii ni ya vitabuni, kwa kuwa fundi hugongagonga kiolezo kabla ya kukitoa, hivyo nafasi kwenye mchanga hutanuka na kufidia mnyweo. Hoja hii ina ukweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayopotosha. Kugonga husukuma mchanga wa nje uende nje, lakini mchanga ulio ndani ya sufuria husukumwa uende ndani. Ukuta unanenepa pande zote mbili. Nje sufuria hurudia ukubwa wake na jicho la mnunuzi linaridhika. Ndani imebana zaidi, na fundi amemwaga alumini ya ziada asiyolipwa. Ni kweli pia kwamba mchanga wa ndani ukishindiliwa sana huzuia alumini kunywea kikamilifu, na kwamba pistoni kuukuu, zenye silikoni nyingi, hunywea kidogo kuliko nyaya za umeme, ambazo ni alumini karibu tupu. Lakini mambo hayo yote yanatuzuia kukisia. Skrapu ya leo si ya jana, kwa hiyo hata kalibu ambayo haikubadilishwa inaweza kutoa kitu kingine.

Wengine watasema sufuria si bunduki, ugali hauna shabaha. Kwa mama anayepikia watoto wake sina ubishi. Mkono wake ndio kipimo. Hali ni tofauti kwa mwenye kibanda cha chakula Malaba anayejua kwamba sufuria moja inatoa sahani kadhaa, au kwa shule inayoagiza sufuria kumi ili kila moja ipokee maji na unga uleule. Mnunuzi wa namna hii akipunjwa lita moja kwa kila kumi hatagundua kwa macho. Ataona chakula hakitoshi na kumshuku mpishi. Na tangu kituo cha pamoja cha mpakani kizinduliwe rasmi Busia mwezi Februari 2018, bidhaa huvuka kwa wepesi zaidi. Sufuria ya upande mmoja huweza kuwa kiolezo upande wa pili, na mnyweo unavuka nayo bila kutozwa ushuru.

Pingamizi lenye uzito ni la gharama. Kiolezo cha kuchongwa ni ghali, ilhali sufuria ya sokoni ipo tayari. Lakini kiolezo mama hakichongwi kila siku, na kikundi cha mafundi wa Busia na kile cha Tororo vinaweza kumiliki kimoja kwa kila ukubwa: kwa sufuria ya sentimita 30, kiolezo cha 30.4. Kupima ndiko kusikokuwa na gharama kabisa. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na mizani iliyokaguliwa haikosi kwa muuza mahindi jirani. Sufuria ya kwanza ya kila kalibu mpya, na ya kwanza baada ya kubadilisha aina ya skrapu, ipimwe tupu, ijazwe maji hadi ukingoni, ipimwe tena. Tofauti ndiyo lita zake. Namba hiyo ndiyo ipigwe kwa patasi kwenye kitako, hata ikiwa ni tisa na nusu.