Meno ya Watoto na Maji ya Visima

Mtume (S.A.W.) alituhimiza mswaki. Nasi twawahimiza watoto waendao shule wapige mswaki asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa yenye floraidi, madini yaukazayo uso wa jino usiozwe na sukari.

Lakini hapa Bariadi yapasa tuongeze neno. Katika mikoa ya kaskazini, na Shinyanga ambamo Bariadi ilikuwamo hadi mwaka 2012, vipo visima ambavyo floraidi yake yapita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Mtoto ayanywaye maji hayo katika miaka 8 ya mwanzo, meno yake ya utu uzima huweza kuota na madoa ya kahawia. Tusimwite mchafu! Doa hilo limo ndani ya jino, wala halitoki kwa kusugua. Kuchemsha maji huua vijidudu, floraidi hubaki. Na magadi tutiayo katika maharage huweza kuizidisha. Maji safi ya mvua yanayo kidogo mno.

Basi tuulize ofisi ya maji kisima chetu kimepimwa nini. Na dawa ya meno, kwa mtoto wa miaka 3 hadi 6, itoshe kiasi cha punje ya njegere, kisha aiteme.