Maumivu Kwanza: Saa ya Mwanzo ya Mtoto Aliyejeruhiwa



Jumapili alasiri bustani ya Mama Ngina, hapa Mombasa, hufurika watoto. Wengine wanaparamia mibuyu, wengine wanaitazama feri ikivuka kwenda Likoni, na wengine wamesimama karibu mno na karai la mihogo. Mtu akilipiga kumbo, mafuta humwagika. Tuseme aliyeungua ni mtoto wa miaka minne, paja zima hadi goti. Namfuata mtoto huyo mpaka hospitali, maana yatakayompata katika saa yake ya kwanza ndiyo mada yangu.

Kabla ya gari kuna maji. Maji ya kawaida ya bomba, yakitiririka juu ya jeraha kwa dakika 20, huzuia moto usizidi kuingia ndani na hutuliza maumivu. Dumu la muuza madafu latosha kuanzia. Barafu haifai. Dawa ya meno, unga wa ngano na ute wa yai, ambavyo kila mtaa wa Mji wa Kale una shangazi anayeviapia, havisaidii kitu, na baadaye vitalazimika kukwanguliwa kwenye ngozi mbichi.

Kisha tuktuk, mpaka Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo sisi twaiita Makadara, au popote palipo karibu zaidi. Katika idara nyingi za dharura za ukanda wetu mambo huenda hivi: faili, malipo, foleni, kidonda kuoshwa huku watu wazima watatu wamemkandamiza mtoto, na mwisho kabisa mtu anakumbuka Panadol. Mpangilio huo uko kichwa chini miguu juu. Dawa ya maumivu itolewe pale pale mtoto anapopokewa, kabla ya picha ya eksirei na kabla ya kidonda kuguswa.

Mazoea haya tumeyarithi. Hadi miaka ya 1980 watoto wachanga katika hospitali kubwa za Ulaya na Marekani walipasuliwa wakiwa wamelegezwa misuli tu, bila dawa ya kutosha ya kuondoa maumivu, kwa imani kwamba hawahisi au hawatakumbuka. Mwaka 1987 Kanwaljeet Anand na wenzake wa Oxford walionyesha katika jarida la The Lancet kwamba watoto njiti waliopewa fentanili, dawa ya maumivu, wakati wa upasuaji miili yao ilitaabika kidogo na walipata matatizo machache kuliko wenzao. Miaka kumi baadaye, Anna Taddio na wenzake wa Toronto waliwatazama wavulana wakichanjwa wakiwa na umri wa miezi minne au sita. Waliotahiriwa bila ganzi walionyesha maumivu zaidi kuliko ambao hawakutahiriwa. Wazazi wa Pwani, tohara ni yetu na itabaki kuwa yetu. Ninachokiomba ni ganzi. Mwili huhifadhi kile ambacho akili ya mtoto haiwezi kusimulia.

Kuna pia hofu, kwamba dawa itamficha daktari ugonjwa. Mfupa uliovunjika haujifichi kwenye eksirei kwa sababu mtoto ametulia, na mtoto aliyetulia hupimwa vizuri kuliko anayepiga mateke.

Hofu ya pili naiheshimu zaidi. Mombasa tumezika vijana kwa sababu ya heroini, kwa hiyo mama akisikia neno mofini moyo humruka. Lakini dozi iliyopimwa kwa uzito, ikatolewa na muuguzi kwa mtoto aliyevunjika paja, si njia ya kumpeleka maskani za wala unga. Hofu hiyo ina gharama. Tume ya The Lancet ilieleza mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizokuwa zikisambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilikuwa zikipata tani 0.1 tu. Jirani zetu wa Uganda hawakusubiri: tangu 2004 wanawaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa kuwaandikia wagonjwa mofini.

Sasa turudi kwa mtoto wetu. Ana kilo 16. Parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo na ibuprofeni miligramu 10 kwa kila kilo, zote mbili kwa mdomo, ni kazi ya dakika mbili. Kwa kuungua kwa namna hii hazitoshi. Ketamini imo katika orodha ya dawa muhimu ya WHO tangu 1985, na vyumba vyetu vya upasuaji vinaijua vyema. Muuguzi anavuta miligramu 16 kutoka kichupa chenye miligramu 50 kwa mililita, yaani mililita 0.32, kisha anang'oa sindano na kubaki na bomba lenye dawa. Nusu tundu hili la pua, nusu tundu la pili, mtoto akiwa mapajani mwa mamake, na muuguzi habanduki mpaka dawa itulie mwilini. Dawa nyingine ya maumivu, kodeini, isitumike: kuna miili inayoigeuza kuwa mofini kwa kasi ya hatari, na miili hiyo ni mingi upande wa Ethiopia.

Tutajuaje anaumwa kiasi gani? Tunatazama uso, miguu, kutulia kwa mwili, kilio, na kama anabembelezeka. Kila kimoja alama 0 hadi 2. Tunapima tena baada ya dakika 20. Jihadharini na mtoto aliye kimya, hasa mvulana aliyefundishwa kwamba mwanamume halii.

Msimdanganye, pia. "Itauma kidogo, mwanangu, nitakwambia nikianza" humtuliza kuliko "haiumi", ambayo atagundua ni uongo pamba ikimgusa tu.

Kwa wakuu wa hospitali mlioko hapa: mwekeeni muuguzi wa mapokezi mizani, dawa hizo mbili za kunywa, na idhini ya maandishi ya kuzitoa bila kumngoja daktari. Rekodini saa mtoto alipoingia na saa alipopata dawa ya kwanza. Nanyi wazazi, mkifika, ulizeni kwa adabu: "Sista, mwanangu amepewa nini cha maumivu, na saa ngapi?" Jibu lapaswa kuwa limeandikwa kwenye faili.