Maji Yanayoachwa Mtoni



Bwawa la umeme likizinduliwa, sifa ya kwanza kutajwa ni megawati. Leo naomba tuzungumzie hesabu nyingine, ambayo sijaiona ikichongwa kwenye jiwe la msingi lolote: mitambo ikishachukua yake, mto unabaki na maji kiasi gani?

Twendeni Kihansi, katika milima ya Udzungwa. Kwa vipimo vilivyozoeleka, mradi ule ulistahili kupigiwa mfano. Bwawa ni dogo, lakini maji huporomoka zaidi ya meta 800 kuifikia mitambo, na kuzalisha megawati 180. Ulinganishe na Balbina nchini Brazil: megawati 250 tu, kwa bwawa lililofunika zaidi ya kilometa za mraba 2,000 katika msitu wa Amazon. Miti iliyozama ikaoza na kutoa methani, gesi inayopasha dunia joto kuliko hewa ukaa. Anayeapa kwamba umeme wa maji ni safi siku zote, apelekwe Balbina.

Kihansi haina dhambi hiyo. Ya kwake iko chini ya ukuta. Maporomoko yalirusha manyunyu usiku na mchana, yakakilea kieneo cha majani mabichi cha hekta chache tu. Humo waliishi vyura wa rangi ya njano, wadogo kuliko kidole gumba, ambao huzaa watoto badala ya kutaga mayai. Wanasayansi waliwagundua mwaka 1996, ujenzi ukiwa umeshaanza. Mitambo ilipowashwa, karibu sehemu 9 kati ya 10 za maji zilipitishwa handakini, na manyunyu yakakatika.

Ndipo mbio zikaanza. Mabomba ya kunyunyizia maji yakatandazwa korongoni. Vyura 499 wakasafirishwa hadi bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Waliobaki waliongezeka kwa muda, kisha mwaka 2003 wakapukutika ghafla, na ugonjwa wa kuvu ukabainika miongoni mwao. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini. Mwaka 2012 kizazi kilicholelewa kizuizini kikaanza kurudishwa korongoni. Wapo waliocheka: fedha zote hizo kwa ajili ya chura! Mimi nasema fedha hizo zilikuwa faini ya kuchelewa kuuliza. Tathmini ya awali ilitazama bwawa. Korongo haikulikagua ipasavyo.

Na mto haubebi maji peke yake. Katika jimbo la Washington, Marekani, mabwawa mawili ya mto Elwha yaliyowazuia samoni kwa karibu miaka 100 yalibomolewa kati ya 2011 na 2014. Samoni wakaanza kupanda tena. Kinachonivutia zaidi ni pwani yake: mchanga uliokuwa umefungiwa nyuma ya kuta ulishuka, ukaujenga upya ufuko pale mto unapoingia baharini.

Sasa tuitazame Rufiji. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kujazwa Desemba 2022. Silipingi, umeme wake tunauhitaji. Lakini chini yake wako wakulima wa mpunga waliozoea kufuata mafuriko ya msimu, wavuvi wa kamba, na delta yenye msitu mkubwa wa mikoko unaosimama juu ya tope linaloletwa na mto huohuo. Tope likikwama bwawani, bahari itaanza kula pwani, na chumvi itapanda mashambani.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Ratiba ya kufungulia maji ipangwe kwa kuiga msimu wa mto na itangazwe mapema vijijini. Pili, vipimo vya tope na chumvi katika delta vichukuliwe kila mwaka na viwekwe wazi kwa umma. Nanyi wanafunzi mnaotafuta mada za tasnifu, nendeni Rufiji sasa, wakati mabadiliko bado yanaweza kupimwa tangu mwanzo wake.