Mkate Mkavu wa Wagibeoni

Fungueni Biblia zenu katika Yoshua sura ya 9. Wale waliotusikiliza Jumapili asubuhi wanakumbuka kwamba umeme ulikatika tulipofika kwenye mstari wa 14. Ndiyo sababu tumechapa hubiri zima hapa.

Hadithi mnaijua. Wagibeoni walisikia yaliyopata Yeriko na Ai, wakaogopa. Walikaa karibu kabisa, lakini walivaa nguo za kuraruka na viatu vyenye viraka, wakachukua viriba vya zamani na mkate mkavu wenye ukungu, wakafika Gilgali wakisema wametoka inchi ya mbali. Wakaomba agano. Yoshua akafanya agano nao, na wakubwa wa Israeli wakaapa kwa jina la Bwana.

Wahubiri wengi wanasema wakubwa wale walikuwa wajinga. Mimi sisemi hivyo. Someni vizuri: walikuwa na mashaka, waliuliza maswali, walichukua kile chakula wakakiangalia. Walikagua! Lakini walikagua tu kitu kilicholetwa mbele yao na watu waliokuwa na haja nao. Hakuna aliyetuma kijana mmoja kwenda kuangalia njia waliyotokea. Na mstari wa 14 unasema jambo la pili, zito zaidi: hawakumwuliza Bwana.

Nitatoa ushuhuda wangu, na bibi yangu amenipa ruhusa. Mnaukumbuka mwaka wa 2018 hapa Mutoshi. Mwezi wa 3 bei ya kobalti ilipita dola 90,000 kwa tani kwenye soko la London, na hapa kwetu kila avenu ilikuwa na mtu aliyenunua pikipiki mpya. Mimi nilikuwa na dola 800, feza ya mabati. Nyumba yetu ilikuwa na kuta bila paa. Usiku mmoja shemeji yangu akaja na mfuko, akamwaga mawe juu ya meza. Meusi, mazito. Akasema wana shimo, wako watu 6, wanakosa tu mfadhili wa chakula, kamba na pampu ya kutoa maji. Wakifikia mawe, nusu ni yangu. Halafu akasema: "Mchungaji, kesho asubuhi kuna mtu mwingine anatoa feza. Nipe jibu leo."

Nilishika yale mawe mkononi. Nilikuwa nimesoma miaka 3 katika chuo cha Biblia, na sura hii ya Yoshua niliiandikia kazi ya mtihani. Usiku ule haikunijia hata kidogo. Nilitoa feza. Bibi yangu alikuwa amelala katika chumba cha pili, ukuta mmoja tu kati yetu.

Siku chache baadaye ndugu mmoja wa kanisa, mtu anayejua kazi ya depo, aliangalia jiwe moja nililobakiza, akaniambia mawe kama haya hayatoki upande ule. Shemeji alikuwa ameyaomba kwenye shimo la watu wengine. Mvua ikajaza shimo letu maji, na katikati ya mwaka wa 2019 bei yenyewe ilikuwa imeanguka chini ya dola 30,000. Mabati tuliyaweka mwaka wa 2021. Kwa miaka ile yote bibi yangu alipika chini ya hema, na hakunisema mbele ya watoto hata siku moja.

Sasa shukeni mpaka mstari wa 16. Israeli walijua ukweli baada ya muda gani? Siku 3! Kama wangesema tu, "Kaeni hapa, tunaomba, tutawajibu," ukweli ungefika wenyewe kwa miguu. Tangu nilipoona jambo hili ninawashauri washirika wangu: ukiombwa feza, saini, au mtoto wako, sema siku 3. Katika siku hizo funga na uombe, zungumza na bibi yako au bwana yako, na uende mwenyewe kuangalia kitu ambacho hawakukuletea. Anayekukataza kungoja siku 3, mwogope.

Kuna neno kwa sisi Wapentekoste. Mtu anakuja ofisini: "Mchungaji, niombee, Mungu anionyeshe kama ninunue pikipiki kwa deni." Ninamuuliza pikipiki iko wapi. Ananijibu, "Iko inje, nimeiegemeza kwenye mti." Huyo hatafuti uongozi wa Roho, anatafuta muhuri. Kumwuliza Bwana maana yake ni kuuliza wakati jibu la "hapana" bado linawezekana. Na Bwana Yesu mwenyewe, katika Luka 14, anasema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba kwanza anakaa chini na kupiga hesabu. Roho Mtakatifu hachukizwi na kalamu na karatasi.

Pigeni hesabu, lakini si kwa bei ya siku nzuri tu. Tarehe 22 mwezi wa 2 mwaka wa 2025 serikali ilisimamisha kobalti kutoka inje kwa miezi 4, kisha ikaongeza 3, halafu tangu tarehe 16 mwezi wa 10 ikaweka kiwango kwa kampuni. Yule aliyekopa akisema "nitalipa mwezi ujao" hakuulizwa na mtu. Ni vile vile wale ndugu waliokuwa wakichimba ndani ya uzio hapa Mutoshi, wenye kofia na viatu vya kazi, mpaka mradi ukasimama mwezi wa 3 mwaka wa 2020 wakati wa Korona. Walioweka kidogo katika likelemba walipata siku za kufikiri. Wengine ilibidi waamue kwa njaa, na Esau katika Mwanzo 25 anatuonyesha njaa inavyoamua.

Juma lililopita mama mmoja alinijia, anafanya salakate, anaosha mawe. Minervali ya kijana wake ina miezi 2 haijalipwa. Mjomba anataka kumpeleka kijana shimoni, naye ana miaka 15. Mjomba analeta mkate gani? Analeta habari za kijana mmoja wa kartie aliyejenga nyumba. Halei habari za mwezi wa 6 mwaka wa 2019, shimo lilipoanguka karibu na Kolwezi na kuua watu zaidi ya 30 kwa siku moja. Hasemi kwamba sheria inamkataza mtoto kuingia katika machimbo, wala hataji mita 30 ambazo shimo la mchimbaji halina ruhusa ya kuzipita. Sikumwambia mama yule mjomba ni mbaya. Mjomba anaona njaa ya nyumba ile. Nilimwomba siku 3, na mashemasi wamekwenda kuzungumza na mkubwa wa shule.

Na wewe uliyekwisha kuamua vibaya? Usifunge Biblia. Watu walinung'unika, lakini wakubwa walikataa kuvunja kiapo, na katika sura ya 10, Gibeoni iliposhambuliwa, Yoshua alitembea usiku kucha kwenda kuwaokoa. Ndiyo vita ambayo jua lilisimama. Baadaye Sauli akavunja agano lile, na katika 2 Samweli 21 inchi ikaona njaa miaka 3. Kwa hiyo deni ulilochukua kwa haraka, lilipe polepole, lakini lilipe. Shemeji yangu naye anakula kwangu hata leo, na siku za mvua ananikumbusha mwenyewe habari ya mabati, tunacheka.

Jumatano saa 10 ya jioni tutaombea wote wenye uamuzi mbele yao. Usije peke yako, njoo na bibi yako au bwana yako. Na ile karatasi ya hesabu, mje nayo.