Allan Gray na Muziki wa Filamu ya Vita vya Ziwani

Józef Żmigrod alizaliwa mwaka 1902 mjini Tarnów, Poland, wakati mji huo ulipokuwa chini ya utawala wa Austria. Watazamaji wa sinema walimjua kwa jina alilojichagulia, Allan Gray. Alisoma utunzi Berlin kwa Arnold Schoenberg, mwalimu mwenye muziki mgumu kupita wote wa kizazi chake, lakini mkate wake aliupata kwenye kumbi za michezo ya kuigiza na nyimbo nyepesi. Sinema ilipoanza kutoa sauti, alikuwa miongoni mwa watunzi wa kwanza walioitwa studioni. Mwaka 1931 alitia muziki filamu mbili zilizopata jina, Berlin-Alexanderplatz na Emil und die Detektive.

Mwaka 1933 Hitler alishika madaraka, na Myahudi kama Gray hakuwa tena na kazi katika sinema ya Ujerumani. Gray alikimbilia Ufaransa, kisha Uingereza. Watu wa Fizi na Baraka, mashariki mwa Kongo, ambao maelfu yao walivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996 na kuishia kambi za Kigoma kama Nyarugusu, hawahitaji kuelezwa maana ya kufika ugenini na ujuzi usiotambuliwa na mtu. Gray alibahatika kwa jambo moja. Aliyemfungulia mlango alikuwa mkimbizi mwenzake, Emeric Pressburger, Myahudi wa Hungaria ambaye naye alikuwa amefanya kazi Berlin. Pressburger alikuwa ameungana na Mwingereza Michael Powell kutengeneza filamu, na wawili hao walimkabidhi Gray muziki wa The Life and Death of Colonel Blimp (1943), A Canterbury Tale (1944), I Know Where I'm Going! (1945) na A Matter of Life and Death (1946). Hiyo ndiyo miaka yake bora. Katika filamu ya mwisho kuna ngazi kubwa inayopanda mbinguni, na Gray aliiwekea kinanda kinachorudia sauti chache, kikipanda bila haraka na bila kufika. Mtunzi mwingine angejaza tarumbeta hapo.

Mtunzi wa filamu huingia kazini mwishoni, picha zikiwa zimekwisha kukatwa na kuunganishwa. Hukaa na mwongozaji wakakubaliana muziki uanzie wapi na unyamaze wapi. Kisha hupima kila kipande kwa sekunde, huandika, na siku ya kurekodi okestra hupiga huku picha ikipita mbele ya kiongozi wake. Kazi hiyo ni ya kuajiriwa, na mwajiri anaweza kuikataa. Ndivyo ilivyomtokea Gray katika The Red Shoes (1948): muziki wake uliwekwa kando, kazi akapewa Brian Easdale, ambaye alishinda Oscar kwayo.

Miaka mitatu baadaye ilikuja The African Queen (1951), ya mwongozaji John Huston. Ilitokana na riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935, na riwaya hiyo iliazima mengi kutoka vita vya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walisafirisha boti mbili, Mimi na Toutou, kwa reli na nchi kavu hadi ufuo wa ziwa upande wa Kongo, karibu na Kalemie, zikapambane na meli za Wajerumani wa Kigoma. Meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Götzen, ndiyo Liemba ya leo, iliyorudisha wakimbizi wa Kongo makwao mwaka 1997. Hata hivyo, Huston hakupiga picha zake Tanganyika. Alipiga kwenye mto Ruiki, karibu na Ubundu, na Uganda kwenye Ziwa Albert, kisha akamalizia studioni London. Muziki wa Gray ulipigwa na Royal Philharmonic Orchestra chini ya Norman Del Mar.

Muziki huo unaifuata mashua ya filamu hiyo kwa ustadi, katika maporomoko, hofu na mapenzi ya watu wawili wa makamo. Kasoro kubwa iko kwa watu wa nchi. Mwanzoni mwa filamu waumini Waafrika wanaonyeshwa kanisani wakivuruga wimbo wa dini kana kwamba hawajui kuimba. Yeyote aliyesikia kwaya za Wabembe wa Fizi atajua udhalimu wa picha hiyo. Lawama ni ya hadithi na mwongozaji kuliko ya mtunzi, lakini katika okestra yake pia hakuna ngoma wala sauti ya ukingo wa ziwa inayopewa nafasi ya heshima.

Baadaye Gray aliandikia pia televisheni, ukiwemo mfululizo wa Douglas Fairbanks Presents. Hakupata tena filamu yenye uzito wa zile za Powell na Pressburger. Alifariki Uingereza mwaka 1973. Mwaka 1994 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza The African Queen katika orodha ya filamu za kuhifadhiwa, na muziki wake ukahifadhiwa nayo.