Kwa Nini Wasilitoboe Tu?

Mada yangu ya siku zote ni kichocho, mnanijua. Lakini leo naahirisha, kwa sababu ya swali nililoulizwa na binti mmoja wa kidato cha tatu, katika sekondari moja ya hapa hapa kando ya ziwa. Alisimama akauliza: "Dada, kama mtu ana uvimbe wa maji kwenye ini, kwa nini wasilitoboe tu hilo tumbo, maji yatoke, yaishe?"

Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka. Swali hilo hilo limewatesa madaktari miaka mingi.

Kwanza tuelewane. Sisi watu wa Mwanza tukiona tumbo limejaa tunawaza kichocho, na mara nyingi hatukosei. Mayai ya minyoo ya kichocho hunasa kwenye ini, ini likapata makovu. Lakini makovu siyo mfuko wa maji. Mfuko wa maji aliouliza binti yule unaletwa na tegu wa mbwa, mdogo sana, urefu wake milimita chache tu. Mbwa humpata anapokula ini au mapafu mabichi ya kondoo, mbuzi au ng'ombe mwenye mifuko hiyo. Mayai hutoka na kinyesi cha mbwa, yakabaki kwenye udongo, kwenye mboga, hata kwenye manyoya yake. Unamshikashika Simba wako (jina la mbwa jamani, msikimbie), halafu unakula muhogo bila kunawa. Umeyameza! Mtoto wa tegu anatoboa utumbo, anaingia kwenye damu, na mara nyingi anakwama kwenye ini. Hapo anajenga mfuko unaokua polepole, miaka na miaka, pengine bila hata kuuma.

Sasa, kwa nini usitobolewe ovyo? Yale maji yana vichwa vichanga vya tegu. Yakivuja tumboni, vichwa hivyo vinaweza kuota mifuko mipya. Kibaya zaidi, mwili unaweza kuyakataa kwa ghafla: presha inashuka, pumzi inabana, mtu anakufa. Ndiyo maana kwa miaka mingi sindano ilikuwa mwiko. Ilikuwa ni kupasua tumbo na kuutoa mfuko.

Katikati ya miaka ya 1980 madaktari wa Tunisia wakathubutu kutumia sindano. Kilichowapa moyo ni altrasaundi, kile kipimo wanachopimwa akina mama wajawazito. Kwa altrasaundi daktari anaiona sindano inakokwenda. Mgonjwa humeza albendazoli kabla, na huendelea nayo kama mwezi mmoja baadaye. Anapigwa ganzi, anabaki macho. Sindano hupitishwa kwanza kwenye nyama ya ini, ili kama kuna tone la kuvuja lisimwagikie tumboni. Wanavuta maji, wanayachunguza. Yakiwa na nyongo, wanaishia hapo, kwani dawa inayofuata ingeunguza mirija ya nyongo. Yasipokuwa nayo, wanaingiza maji ya chumvi kali, asilimia 20, au spiriti kali. Wanasubiri dakika 10 hadi 15 vile vichwa vife, kisha wanavuta tena. Muda wote huo dawa za kuokoa maisha ziko mezani, ikitokea mwili umekataa. Njia hii inaitwa PAIR, herufi moja kwa kila hatua, na Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 2001.

Lakini si kila mfuko unafaa. Mwingine hutibiwa kwa vidonge peke yake, mwingine lazima upasuaji, na uliokwisha kufa huachwa, ukawa unaangaliwa tu. Bila picha huwezi kujua ni upi.

Msidhani ni mambo ya mbali. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ni miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi duniani. AMREF walianza mpango wa kuudhibiti huko mwaka 1983, na katika miaka hiyo hiyo ya 1980 altrasaundi ya kubebeka ilipelekwa hadi kwa wafugaji wanaohamahama. Hata hapa Tanzania, wafugaji wa Ngorongoro wamekutwa na ugonjwa huu. Na kuna jambo lililonifurahisha nilipolisoma: mbwa hutibiwa tegu huyu kwa prazikwanteli, dawa ile ile mnayomezeshwa shuleni kwa ajili ya kichocho! Ila mkichinja nyumbani mkakuta ini lina mifuko ya maji, msimtupie mbwa. Lichomeni moto au lifukieni chini kabisa.

Binti yule alinisubiri nje baada ya kipindi. Kumbe aliyekuwa anamuulizia ni mama yake mdogo, na kuna mganga alikwisha ahidi kumtoboa Jumamosi ile. Tulikwenda wote nyumbani kwao jioni ile ile. Tulikubaliana na mama kwamba mganga asubiri, altrasaundi ianze, na mpaka majibu yatoke hakuna mtu wa kuligusa tumbo lile na kitu chenye ncha.