Santre ya afya ni ya kwetu: tuchange kabla ya kuugua

Maneno ya timu ya afya mbele ya mkutano wa wanachama na wafadhili



Sisi ni timu inayozunguka vijijini kwa mambo ya afya. Wengi kati yetu ni watoto wa kambi kama ninyi. Tulianza shule kule, tukavuka ziwa, tukamalizia chuo huku Kongo. Kwa hiyo hatukuja kufundisha wakubwa. Tumekuja kusema yale tunayoyaona kila wiki, na kuleta pendekezo moja.

Munakumbuka Lugufu na Nyarugusu. Maisha hayakuwa mazuri, lakini ukiumwa ulikwenda dispensari, ukapimwa, ukapewa dawa, ukarudi nyumbani bila kutoa kitu. Kadi ya rasheni ndiyo ilikuwa bima yetu, ingawa hatukuiita hivyo. Mwaka 2005 meli zikaanza kutuleta kutoka Kigoma hadi Baraka. Mwaka 2009 Lugufu ikafungwa. Tulishuka na mabati, sufuria na watoto, lakini ile bima ilibaki ng’ambo ya ziwa. Mara ya kwanza kuingia santre huku, tuliulizwa: “Fishi uko nayo? Utalipa na nini?” Wengi wetu hatukuwa na jibu. Mpaka leo wengi hatuna.

Tusimulie jambo moja. Mama mmoja wa mwambao alishikwa na uchungu usiku, mtoto amekaa vibaya. Santre ilimtuma hospitali kwa pikipiki. Akapasuliwa, yeye na mtoto wakapona. Waganga walifanya kazi yao vizuri, hilo lazima tuliseme. Lakini siku ya kutoka, bili ilizidi kila kitu alichokuwa nacho nyumbani. Hakuruhusiwa kwenda. Alikaa siku 19, kitanda amekiacha kwa mgonjwa mwingine, analala barazani na kichanga. Mume akauza mbuzi, akauza na mihogo ikiwa ingali shambani, haijakomaa. Ndipo wakamwachia. Jina la hospitali hatulitaji, maana jambo hili si la hospitali moja.

Kuna jirani yake ambaye naye alikuwa mjamzito, na aliyaona yote. Siku yake ilipofika akasema: “Mimi siendi kukamatwa kule.” Akabaki nyumbani. Tulipofika, mtoto alikuwa ameshafariki. Tunayaleta haya mbele yenu kwa sababu deni la nyumba moja linatisha na nyumba za jirani. Mtu anaanza kuogopa hospitali kuliko ugonjwa.

Sasa tuelewe mambo haya yanakwendaje. Baada ya mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978, nchi yetu, ikiitwa Zaïre, ilikuwa kati ya nchi za Afrika zilizoanza mapema kupanga afya kwa zone. Zilikuwa 306. Mwaka 2003 ramani ikachorwa upya, zikawa 515, na leo zimezidi hapo kidogo. Kwetu Fizi tuna zaidi ya zone moja. Kila zone ina hospitali kuu na ofisi ya daktari mkuu wa zone. Zone inagawanyika katika maeneo ya afya, na kila eneo linatakiwa kuwa na santre kwa watu karibu 10,000. Chini kabisa wako marelai, majirani zetu wanaojitolea kupita nyumba kwa nyumba. Na kuna komite ya maendeleo ya eneo la afya, ile tunaita CODESA, ambamo watu wa kijiji wanakaa pamoja na muuguzi mkuu kuangalia kazi, dawa na pesa za santre.

Kwenye karatasi huu ni wavu mzuri. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 47, inasema haki ya afya inalindwa. Sheria ya Desemba 2018 inazungumzia huduma ya afya kwa wote. Lakini wavuvi mulio hapa munajua: wavu bila kamba haushiki samaki. Mwaka 2001 kule Abuja, nchi za Afrika ziliahidi kuweka asilimia 15 ya bajeti zao kwenye afya. Yetu haijafika hapo. Wauguzi wengi hawamo kwenye orodha ya mshahara wa Serikali, wanaishi kwa kile mgonjwa anacholipa. Sabuni, karatasi, mafuta ya taa, vyote vinatoka kwa mgonjwa. Kwa hiyo yule aliye dhaifu kuliko wote, siku ile ambayo ni dhaifu kuliko zote, ndiye tunamtwika santre nzima.

Tufanye nini? La kwanza halina gharama: tujue kilicho bure. Chanjo za watoto ni bure. Dawa za kifua kikuu ni bure. Dawa za virusi vya ukimwi ni bure. Kuhusu kujifungua, Serikali ilianza mpango wa bure Kinshasa mwaka 2023, na mpango huo unapelekwa mkoa kwa mkoa. Basi tumuulize muuguzi mkuu wa santre yetu: hapa kwetu, leo, nini ni bure, na nini kina bei gani? Aandike na abandike ukutani. Huko si kumtukana. Bei ikionekana, hata yeye anapona na maneno ya watu.

La pili, tuingie kwenye CODESA. Tumepita maeneo ambapo hakuna hata mmoja wetu tuliorudi aliyemo. Tunalalamika njiani, halafu siku ya kikao tuko shambani. Kama haumo kwenye kikao, utajuaje dawa zimefika? Kila eneo lipeleke watu wawili, na mmoja awe mama.

La tatu ndilo pendekezo lenyewe: sanduku la ugonjwa. Hili si wazo la kambini. Kule Bwamanda, kaskazini-magharibi ya nchi yetu, mwaka 1986 zone ya afya ilianzisha bima ya hospitali. Watu walitoa mchango mara moja kwa mwaka, wakati wanauza kahawa na soya, maana ndipo pesa zilikuwa mkononi. Mwenye mchango akilazwa, alilipa sehemu ndogo tu ya bili, nyingine ililipwa na mfuko. Wakulima waliweza, katika miaka ambayo nchi ilikuwa inaporomoka. Na tangu Februari 2017 tuna sheria ya mituweli, inayotoa njia ya kuandikisha mfuko kama huo.

Tupige hesabu pamoja. Tuseme nyumba 100, kila moja inatoa franka 1,000 kwa mwezi. Hiyo ni franka 100,000 kwa mwezi, 1,200,000 kwa mwaka. Haiwezi kulipa kila malaria na kila kikohozi, na tusidanganyane. Ianze na kitu kimoja: mama anayepasuliwa wakati wa kuzaa na mgonjwa anayetumwa hospitali usiku. Kwa wavuvi wa ndagala, tukusanye siku za giza, wakati kuna samaki. Kwa wakulima, baada ya mavuno. Sanduku liwe na funguo tatu kwa watu watatu, na hesabu isomwe mbele ya wote kila mwezi. Tunajua masanduku yaliyokufa hapa, na tunajua yalikufa kwa nini: hesabu ilikaa mfukoni mwa mtu mmoja.

Na wale wasio na hata franka 1,000? Wajane wapo, wazee peke yao wapo. Tunaomba kila mtaa uwataje wazi, wachache, na wengine wawabebe. Vilevile wenyeji ambao hawakukimbia waingie. Mgonjwa wao na wetu wanalala santre moja.

Sasa, ndugu zetu wafadhili. Mumetusaidia sana na tunashukuru kwa moyo. Tunaomba mutusikilize katika hili moja. Mradi ukifungua kliniki yake ya bure kando ya santre, watu wote wanahamia kule. Santre inakosa mapato, wauguzi wanaondoka. Mradi ukiisha, kliniki inafungwa, na santre imeshakufa. Tumeliona hilo kwa macho yetu. Kwa hiyo musaada upitie ndani ya santre: dawa ziingie kwenye stoki yake, CODESA izihesabu. Na kwa sanduku hili, hatuombi mulijaze. Tunaomba muwalipie wale wasiojiweza waliotajwa na mitaa, sisi tujaze sehemu yetu. Hapo hata siku munapoondoka, sanduku litabaki.

Ndugu zetu, kidole kimoja hakivunji chawa. Karatasi ya kuandika majina iko mezani kwa katibu. Anayekubali aandikishe nyumba yake leo, asiyeelewa atuulize leo. Yule mama aliyekaa barazani siku 19 yuko hapa nasi. Alikuwa wa kwanza kuandika.